Huyu Paka Kabila Gani? Namna ya Kutambua Rangi, Milia na Aina ya Paka Wako

Haipiti wiki dukani bila mtu kunisogezea simu yake mezani na kuniuliza, "Hebu nitazamie, huyu paka kabila gani?" Nauza dawa za mifugo na chakula cha wanyama hapa Unguja, na maswali ninayoletewa kutoka Darajani ndiyo hayo hayo yanayotoka Wete na Mkoani kule Pemba. Mmoja ana paka wa manjano, ameambiwa ni wa Kizungu. Mwengine ana wa madoadoa, watoto wa jirani wamemshikilia kwamba ana damu ya chui. Mwengine paka wake ana macho ya buluu, anataka nimthibitishie kuwa ni wa Siam ili apange bei ya watoto wake.

Swali hilo moja lina maswali mawili ndani yake. La kwanza ni la vazi: rangi gani, milia gani, manyoya marefu au mafupi. Hilo utalijibu mwenyewe nyumbani kwako, kwa nusu saa, bila kumlipa mtu. La pili ni la ukoo: kazaliwa na nani, na wazazi wake walizaliwa na nani. Hilo manyoya hayalijibu hata uyatazame vipi. Watu huyachanganya maswali haya, na hapo ndipo paka aliyezaliwa chini ya meza ya samaki anapouzwa kwa bei ya paka wa Ulaya.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Simu yenye kamera, yoyote ile.
- Mwangaza wa jua. Saa mbili hadi saa nne asubuhi, barazani au uani, ndiyo saa nzuri. Taa za ndani humfanya paka wa kijivu aonekane wa kahawia.
- Kitambaa cheupe cha kumweka juu yake, ili rangi yake isichanganyike na ya mkeka au sakafu.
- Kitana chenye meno ya karibu karibu.
- Karatasi na kalamu.
- Dagaa wachache au kipande cha kibua kilichochemshwa bila chumvi, cha kumtuliza.
- Mtu wa pili wa kumshika wakati wewe unatazama.

Paka awe ameshakula na ametulia. Usimkoshe siku hiyo, maana manyoya maji hudanganya macho. Kama ni paka wa mtaani ambaye hajakuzoea, usimlazimishe; mpige picha kwa mbali tu. Akikukwaruza au kukung'ata, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa hupita kwa paka pia.

Hatua ya 1. Piga picha tano

Ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, mgongo kutoka juu, uso, na tumbo. Kwa picha za ubavu chuchumaa, simu iwe sawa na mbavu zake. Picha nyingi ninazoletewa zimepigwa mtu akiwa amesimama, paka kajikunja kama andazi, na zile mbavu zinazotakiwa kusomwa hazionekani hata kidogo. Zima flashi, na usitumie vichujio vya kupendezesha picha.

Hatua ya 2. Pima manyoya

Mshike ubavuni, halafu mkiani. Manyoya yakilala karibu na ngozi na mkia ukawa mwembamba kama kamba ya jahazi, andika "mafupi". Mkia ukiwa kama brashi ya kusafishia chupa, na shingoni akawa na kitu kama ndevu, andika "marefu".

Usifurahi mapema. Manyoya marefu hurithiwa kwa siri: lazima mtoto apate urithi huo kwa baba na kwa mama pia. Paka wawili wa manyoya mafupi wanaweza kuubeba kimya kimya, kisha katika watoto wanne akatokea mmoja mwenye manyoya tele. Huyo si paka wa Kiajemi. Ni ndugu wa wale watatu.

Hatua ya 3. Weka weupe pembeni

Weupe wa paka ni mahali ambapo rangi haikufika. Mtoto anapoumbika tumboni, chembe za rangi huanzia upande wa mgongoni na kusambaa mwilini. Zisipofika kote, sehemu za mbali zaidi hubaki nyeupe. Ndiyo maana weupe mara nyingi huonekana kwenye nyayo, kifua na tumbo, na ni nadra kumwona paka mwenye mgongo mweupe na tumbo jeusi.

Basi jifanye huuoni kwanza. Andika tu umefika wapi: nyayo peke yake, au kifua na tumbo, au nusu ya mwili, au mwili wote isipokuwa utosi na mkia. Huyu wa mwisho watu humwita Van, kwa jina la paka wa Uturuki, lakini mchoro huo huzaliwa popote.

Akiwa mweupe mwili mzima, simama hapo kidogo, kwa sababu hapa kuna jambo la afya. Paka weupe wenye macho mawili ya buluu wengi wao huzaliwa viziwi. Mjaribu: akiwa amelala, simama nyuma yake mahali asipokuona, tikisa funguo hewani. Usipige mguu chini, atauhisi mtikisiko na utadhani amesikia. Kama hagutuki wala sikio halizunguki, rudia siku nyengine. Ukithibitisha, usimwache atembee barabarani, hataisikia bodaboda.

Jambo jengine ni jua. Masikio meupe na pua nyeupe huungua, na paka wa namna hiyo hupata saratani ya ngozi katika ncha za masikio. Mwekee kivuli mchana, hasa wakati wa kaskazi. Ukiona kigaga kwenye ncha ya sikio kinachotoka na kurudi, usikipake mafuta ya nazi ukangoja. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Hatua ya 4. Tafuta rangi ya msingi

Paka ana wino wa aina mbili tu: mweusi na mwekundu. Huu mwekundu ndio tunaouita manjano au rangi ya chungwa. Rangi nyengine zote ni hizo mbili zilizopunguzwa au kugeuzwa kidogo. Mweusi ukipunguzwa huwa kijivu cha majivu. Mwekundu ukipunguzwa huwa krimu, kama chai ya maziwa iliyozidi maziwa. Ipo na hudhurungi ya chokoleti, lakini kwetu huku ukidhani umeiona, tazama mara ya pili.

Ukishindwa kuamua, geuza mguu utazame nyama laini ya chini ya nyayo. Paka wa wino mweusi huwa nayo nyeusi au ya kahawia iliyokolea, wa kijivu huwa ya kijivu, wa manjano huwa ya waridi. Chagua mguu usiokuwa na weupe, maana chini ya manyoya meupe nyama huwa ya waridi kwa paka yeyote.

Sasa pulizia manyoya ya ubavuni, kwa pumzi ndogo kama unayepuliza chai. Yakifunguka utaona shina lake. Mweusi wa kweli ni mweusi mpaka karibu na ngozi. Kama juu ni nyeusi na shinani ni nyeupe kama pamba, huyo ni wa moshi: akitulia ni mweusi, akitembea anapitiwa na mwale wa fedha. Watu wengi wanaye nyumbani miaka na hawajui, kwa kuwa hawajawahi kumpulizia.

Halafu kuna hawa weusi wetu wenye wekundu wa kutu mgongoni. Mara nyingi ni jua. Paka anayelala juu ya ukuta wa mawe kuanzia asubuhi hadi alasiri lazima apauke. Lakini pia inaweza kuwa chakula: paka mweusi anayeishi kwa wali na mchuzi bila nyama wala samaki wa kutosha hukosa protini ya kutengenezea rangi, akawa mwekundu mwekundu. Mwongezee samaki, kisha mtazame upya akishabadilisha manyoya. Kwenye karatasi andika "mweusi", usiandike "kahawia".

Hatua ya 5. Soma milia

Hapa usikimbie. Waingereza humwita paka wa milia tabi, na neno hilo asili yake ni Attabiyya, mtaa wa Baghdadi uliokuwa ukifuma hariri ya milia. Wengi hudhani tabi ni kabila la paka. Sivyo. Ni mchoro tu, na paka wa kabila lolote, au asiye na kabila, anaweza kuwa nao.

Anzia kwenye paji la uso. Ukiona alama kama herufi M juu ya macho, na mstari unaotoka pembe ya jicho kuelekea shavuni, huyo ni wa milia, hata kama ubavuni huoni kitu. Kisha nenda ubavuni ulinganishe na michoro hii minne. Majina niliyoyatumia ni ya kwangu, kwa kuwa ndiyo ninayoelewana nayo na wateja.

*Milia ya nguru.* Mistari myembamba inashuka kutoka mgongoni hadi tumboni, imepangana sambamba, na juu ya uti wa mgongo unapita mstari mmoja mweusi. Nenda soko la samaki la Malindi, hapa Unguja, umtazame nguru mzima kabla hajakatwa, ile mistari myembamba ya ubavuni mwake. Ndivyo hivyo hivyo. Hata Waingereza wameupa mchoro huu jina la samaki wa jamii hiyo.

*Marumaru.* Mistari ni mipana na inazunguka. Ubavuni kuna duara kubwa lenye doa katikati, mfano wa konokono, na mabegani ukitazama kutoka juu utaona umbo la kipepeo. Huu nao hurithiwa kwa siri, kutoka kwa wazazi wote wawili.

*Madoa.* Ile milia imekatika vipande, imekuwa madoa. Wengi huchanganyikiwa na paka wa katikati, ambaye kifuani ana milia na kuelekea nyuma ana madoa. Andika hivyo hivyo ulivyoona: "milia ya nguru iliyokatika". Wala hana damu ya chui. Chui wa Zanzibar hakuzaa na paka wa nyumbani, na ngawa, anayetajwa mara nyingi na vijana wa shamba, si jamii ya paka kabisa.

*Vumbi.* Huu ndio unaowapotezea watu njia zaidi ya yote. Ubavu hauna mstari wala doa, rangi ni kama mchanga au manyoya ya sungura, na mwenye paka huandika "kahawia" akaondoka. Chomoa unyoya mmoja uliokwishang'oka kwenye kitana, uweke juu ya karatasi nyeupe juani. Utaona umegawika pete: ncha nyeusi, kisha manjano, kisha nyeusi, kisha shina la kijivu. Kila unyoya una pete zake, ndiyo maana kwa mbali paka anaonekana kama amepitiwa na vumbi la barabarani. M ya paji la uso ipo, na mara nyingi miguu na mkia hubaki na milia.

Mchoro wa vumbi una nguvu; huifunika ile mitatu mengine. Paka wa vumbi anaweza kubeba marumaru chini yake na kuwarithisha watoto. Kwa hiyo paka wako wa rangi ya mchanga akizaa watoto wa milia, usimshutumu shume wa jirani peke yake.

Onyo kuhusu paka wa manjano: wote wana milia, hata wanaoonekana wa rangi moja. Ile hali inayoifuta milia kwenye paka mweusi haifanyi kazi kwenye wino mwekundu. Kwa hiyo ukiona M kwenye paji la paka wa manjano, haikuambii lolote jipya.

Hatua ya 6. Mweusi na mwekundu kwa pamoja

Kama paka wako ana mabaka meusi na ya manjano yaliyochanganyika, au nyeusi, manjano na nyeupe, tazama chini ya mkia. Karibu kila mara utakuta ni jike. Matundu mawili yatakuwa karibu karibu. Kwa dume yameachana na kati yake kuna korodani, au alama yake kama amehasiwa.

Sababu yake ni fupi. Wino mwekundu unaamuliwa na kromosomu X, moja ya nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe za mwili. Dume ana X moja, basi ni mwekundu au mweusi, hachanganyi. Jike ana mbili, na katika kila kipande cha ngozi moja huzimwa, nyengine hufanya kazi: hapa nyekundu, pale nyeusi. Hili lilijulikana zamani, lakini kasoro yenyewe kwenye kromosomu ilitangazwa mwaka 2025 na watafiti wa Japani na Marekani waliofanya kazi kila upande kivyake wakakuta jambo moja: kipande kidogo cha X kimekosekana karibu na jeni iitwayo ARHGAP36.

Dume wa rangi tatu yupo, lakini ni wa nadra sana, na kwa kawaida ana X ya ziada na hazai. Ukiuziwa dume wa rangi tatu "wa kuzalishia", rudisha.

Hii pia ndiyo sababu paka wa manjano wengi ni madume: dume anahitaji X moja tu nyekundu, jike anahitaji mbili. Wengi, si wote. Usimpe jina la Saidi kabla hujamtazama.

Hatua ya 7. Mwili mweupe, ncha nyeusi

Paka mwenye mwili wa krimu, na uso, masikio, miguu na mkia uliokolea, macho ya buluu, ana mchoro wa ncha. Rangi yake hujitengeneza mahali palipo baridi tu mwilini, na ncha ndizo zinazopoa kwanza. Watoto wake huzaliwa weupe kabisa kwa sababu tumbo la mama ni joto kote, kisha hukolea siku zinavyokwenda. Kwa joto letu la pwani mwili wake hubaki mweupe zaidi kuliko wa nchi za baridi.

Mchoro huu asili yake ni Thailand, zamani Siam, lakini umeshatawanyika duniani. Hurithiwa kwa siri kama manyoya marefu, na unaweza kutokea kwa paka wa mtaani. Andika "mwenye ncha". Usiandike "wa Siam". Na kama ana macho ya buluu lakini mwili ni mweusi na mweupe, hana uhusiano wowote na hatua hii.

Hatua ya 8. Sasa tazama umbo

Ukifika hapa ndipo uanze kufikiria kabila, na uanze na mifupa, si rangi.

Paka wa Kiajemi hutambulika kwa uso bapa, pua imeingia ndani kati ya macho, miguu mifupi minene. Pua ikiwa ndefu ya kawaida, si Mwajemi. Paka wa Siam wa siku hizi ana kichwa cha pembetatu, masikio makubwa, mwili mrefu mwembamba. Bengal ana madoa yenye duara ndani, na alianzishwa Marekani kwa kumchanganya paka wa nyumbani na paka wa mwitu wa Asia. Paka wa Uhabeshi ana mchoro wa vumbi mwili mzima, lakini milia ya miguuni na mkiani imefutwa kwa uzalishaji wa kuchagua, na kazi hiyo ilifanywa Uingereza, licha ya jina lake.

Nimtaje kwa urefu Sokoke, kwa kuwa ni jirani yetu. Mwaka 1978, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, mwanamke aitwaye Jeni Slater aliwaona paka wadogo wenye mchoro wa marumaru uliochanganyika na vumbi, akawachukua akawazalisha. Wagiriama walikuwa wakiwajua siku zote na wana jina lao, khadzonzo. Rafiki yake Slater, Gloria Moeldrup, aliwapeleka wengine Denmark, na mwaka 1993 FIFe, shirikisho la vyama vya paka la Ulaya, likawakubali kuwa kabila. Sokoke ana miguu ya nyuma mirefu kidogo kuliko ya mbele, hutembea kama ananyata.

Angalia ilivyokuwa. Paka ni wale wale waliokuwa wakizurura msituni kabla ya 1978. Kilichowafanya kabila ni daftari: nani kazaa nani, kizazi hadi kizazi. Maonyesho makubwa ya kwanza ya paka yalifanyika London mwaka 1871, na makabila mengi ya paka tunayoyasikia leo yamepangwa baada ya hapo. Sisi paka wetu wamekuja na majahazi, wamelinda maghala, wamezaa barazani, na hakuna aliyeandika. Kwa hiyo paka wa kienyeji ndilo jibu sahihi kwa takriban kila paka ninayeonyeshwa, na silitamki kwa kumpunguzia mtu heshima.

Hatua ya 9. Ukiambiwa ana kabila, omba karatasi

Karatasi ya ukoo hutolewa na chama cha paka, kama FIFe, CFA au TICA, na ina majina ya wazazi, mababu na namba za usajili. Kadi ya chanjo siyo. Risiti siyo. Neno la "mama yake nilimleta kutoka Dubai" siyo.

Mama mmoja wa Mwembeladu alikuja dukani na mtoto wa paka ndani ya kikapu cha ukili, kamfunika kanga. Alimlipia shilingi 300,000 kama Mwajemi. Alikuwa na wiki nane, amevimba manyoya kama kifaranga. Nikampitisha kidole kutoka kwenye paji hadi puani: mteremko ulionyooka, hakuna shimo. "Bi mkubwa," nikamwambia, "huyu ni paka mzuri na mwenye afya, lakini si Mwajemi." Alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa nimrudishe?" Muuzaji alikuwa ameshazima simu. Alimbakisha. Baada ya miezi mitano manyoya yale ya kitoto yalikuwa yamekwisha, na mbele yangu alikuwapo paka wa manyoya mafupi, milia ya nguru, nyayo nyeupe.

Watoto wa paka karibu wote huvimba manyoya. Usilipe pesa ya kabila kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu bila karatasi na bila kuwaona wazazi.

Hatua ya 10. Andika kadi yake

Mstari mmoja unatosha, kwa mpangilio huu: jinsia, manyoya, rangi ya msingi, mchoro, weupe, macho, alama ya pekee. Kwa mfano:

"Jike, manyoya mafupi, mweusi, milia ya nguru iliyokatika, weupe kifuani na nyayo zote nne, macho ya kijani, mkia umepinda nchani. Paka wa kienyeji."

Ihifadhi pamoja na zile picha tano. Paka akipotea, kadi hii ndiyo utakayoisambaza. "Nimepoteza paka wa kahawia" haitamrudisha mtu paka wake Mji Mkongwe.

Ukikwama

*Mtoto ana macho ya buluu.* Watoto wote wa paka huanza hivyo. Ngoja mpaka apite wiki nane.

*Mtoto mweusi anaonyesha milia hafifu juani.* Ni kivuli cha mchoro uliofunikwa. Kwa kawaida hufifia akikua. Bado ni mweusi.

*Mtoto amezaliwa na vumbi la kijivu juu ya manyoya meusi.* Huenda mama alipata homa au maradhi akiwa na mimba. Hali hiyo huondoka kwa miezi michache, bila dawa.

*Paka mwenye ncha amefungwa kizazi na manyoya yameota meusi mahali paliponyolewa.* Ngozi ilipata baridi, rangi ikakolea. Yakibadilika tena yatarudi kama mwanzo.

*Sikio moja limekatwa ncha, mkato ulionyooka.* Si kabila. Ni alama wanayowekewa paka wa mtaani waliokwisha kufungwa kizazi, ili wasikamatwe tena.

*Mkia umepinda au ni mfupi.* Inaweza kuwa kuzaliwa, inaweza kuwa mlango. Upapase taratibu, kama anaumia, ni jeraha. Peke yake mkia haukuambii kabila.

*Vidole vimezidi.* Kawaida ni vitano kwa kila mguu wa mbele na vinne kwa kila wa nyuma. Vikizidi ni urithi, hauna madhara, ila kata kucha za vidole visivyogusa chini, zisije zikajikunja na kuingia nyamani.

*Watoto wa uzao mmoja hawafanani hata kidogo.* Jike huweza kushika mimba ya madume zaidi ya mmoja kwa mpigo mmoja. Kila mtoto aandikiwe kadi yake.

*Nataka kipimo cha DNA.* Kipo, kwa kusugua pamba ndani ya shavu la paka na kuipeleka maabara ya nje. Lakini maabara hulinganisha na paka iliowahifadhi kwenye kumbukumbu zake, kisha hukutajia anaowakaribia. "Anakaribiana na Siam" haina maana babu yake alikuwa Siam. Kinachofaa zaidi kwenye majibu hayo ni orodha ya maradhi ya kurithi.

*Nimefuata hatua zote na bado siwezi kuamua kati ya madoa na milia.* Mtazame akinyoosha mwili baada ya kuamka, kabla hajakaa. Manyoya ya ubavu hukunjuka, na mistari iliyokuwa imejificha kwenye mikunjo hutokea. Muweke mtu wa pili na simu tayari. Hurudia kitendo hicho mara moja tu, kisha huondoka kwenda kutafuta chakula.